Nyumba Tatu, Masomo Matatu

Scholastica, binti wa Bernadi wa kijiji cha Ukata, alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika hospitali: hakujua kukataa. Ukimtuma maji akiwa tayari amebeba ndoo ya mtu mwingine, anasema ndiyo, halafu anatafuta ndoo ya pili. Jirani akimwomba amshikie mtoto kidogo, mtoto anarudi kwao jioni ameshaoga, ameshakula na amesukwa nywele. Mama yake, Vitalia, alizoea kumwambia, "Wewe mwanangu, siku wakija wachumba wawili utaolewa na wote." Scholastica anacheka, anasema, "Ndiyo, mama," na kuendelea kuchambua maharage.

Usidhani alikuwa mjinga. Kichwani alikuwa na mambo yake, na alikuwa na moja aliloliweka ndani kabisa, kama mtu anavyoficha mbegu nzuri ya mahindi ili panya wasiione. Jambo lenyewe lilitoka ziwani.

Shule ya sekondari alisomea Mbamba Bay, kwa shangazi yake Ottilia, dada wa baba yake, ambaye aliolewa huko na anafanya biashara ya usipa. Usipa ndio wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wembamba, watamu, na wasio na subira hata kidogo. Jua likiwaka wanakauka vizuri kwenye vichanja na kung'aa kama sindano. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo wanaanza kunuka, na shangazi Ottilia anaanza kusema maneno ambayo mtoto wa Kikatoliki hapaswi kuyasikia. Scholastica aligeuza usipa kwenye vichanja kwa miaka yote ya sekondari, na kitu kimoja kilimkera. Usipa wa kichanja hiki wanaharibika, wa kichanja cha jirani, mvua ileile, wanapona. Kwa nini? Alimuuliza mwalimu wa Biolojia. Mwalimu hakuficha, alisema hajui, ila wapo watu kazi yao ni kujua mambo hayo hasa. Inaitwa sayansi ya chakula, inasomwa chuo kikuu kule Morogoro, na mtu anayeitaka asiachane na Kemia na Biolojia kidato cha tano na cha sita.

Tangu siku hiyo Scholastica alijua anataka CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Hakumwambia mtu. Nani alimuuliza?

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa amefaulu vizuri kiasi cha baba yake kumsimamisha mzee mmoja njiani na kumsomea alama kutoka kwenye simu. Pale shuleni, kabla ya mtihani, walijaziwa tu machaguo ya haraka haraka, wakaambiwa watabadilisha matokeo yakitoka. Sasa dirisha la kubadilisha lilikuwa limefunguliwa mtandaoni, na lilikuwa linakaribia kufungwa. Babu Alphonce aliposikia kuna jambo linafunguliwa na kufungwa kuhusu mjukuu wake, akaitisha sengu.

Sengu kwa Wamatengo ni ukoo kukaa pamoja na kula pamoja, kisha kuzungumza. Kila nyumba inaleta chungu chake, wanaume wanakaa upande wao, wanawake upande wa jikoni, na mazungumzo hayaanzi mpaka watu washibe, kwa sababu babu Alphonce anaamini mtu mwenye njaa hatoi shauri, anatoa hasira. Siku hizi familia nyingi zimeacha. Babu hajaacha. Jumapili baada ya misa unamkuta pale chini ya upenu wa nyumba yake, kofia gotini, anahesabu vyungu.

Basi wakala. Babu akanawa, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mtoto amefaulu. Anakwenda kidato cha tano. Huko anasoma masomo mangapi?"

"Ya tahasusi ni matatu, baba," alijibu Placidi, mwanawe mkubwa, ambaye ni katekista na hupenda kujibu kabla ya wengine.

"Matatu." Babu akawatazama wanawe watatu, mmoja mmoja. "Na godoro na tranka anatoa nani?"

"Mimi," akasema Placidi.

"Usafiri wa kumpeleka?"

"Mimi, baba," akasema Cuthbert, mdogo wao, dereva wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka.

"Sare na mengine ni baba yake. Basi jambo hili halina ugumu. Nyumba tatu, masomo matatu. Tunalimaje mashimo ya ngoro? Huyu anakata majani, yule anayalaza, mwingine anafukia, na shimo linakuwa letu sote. Kila nyumba ichague somo lake, kusiwe na nyumba itakayosema imetoa bila kupata."

Hapakuwa na mtu aliyeona kasoro. Ukweli ni kwamba wote waliona ni haki kabisa. Cuthbert hata hakungoja zamu. "Fizikia," akasema. "Kule mgodini, wenye Fizikia ndio wanaovaa kofia nyeupe za wahandisi. Sisi wa kofia za rangi nyingine tunawapungia mkono."

Placidi akakohoa. "Mimi nachagua Diviniti. Katika ukoo mzima tuna Fizikia ya kutosha, tunakosa mtu wa kufafanua Maandiko."

"Tuna Fizikia ya kutosha kutoka wapi, kaka?" Cuthbert akauliza. "Taja mmoja."

"Wewe si unaendesha lori?"

Bernadi, baba yake Scholastica, mtu wa maneno machache, alifikiria kahawa yake na mahindi yake, akasema, "Kilimo."

"Fizikia, Diviniti na Kilimo," babu akarudia polepole, kama anayeonja togwa. "Imekaa vizuri. Scholastica, umesikia?"

Scholastica alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la maji ya kunawa. Kemia ilimfika kooni, ikafika kwenye ulimi, ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Ndiyo, babu," akasema.

Kesho yake Cuthbert alimpakia kwenye pikipiki mpaka Mbinga mjini, kwenye steshenari ya Masoudi. Masoudi ni mtu wa hapo hapo Mbinga ingawa babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa khanga akasahau kurudi. Anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na msimu wa matokeo duka lake linajaa kama kilabu siku ya mnada.

"Shikamoo," Scholastica alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kufaulu. Haya, bwana Cuthbert, tunabadilisha kwenda wapi?"

"Andika Fizikia, Diviniti na Kilimo," Cuthbert akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Masoudi aliweka vidole kwenye kibodi, kisha akaviondoa. "Rudia."

Cuthbert akarudia.

"Hii kombi mmeipata wapi?"

"Kwenye sengu."

"Na huko kwenye sengu kuna shule inayoifundisha? Maana hapa haipo." Masoudi akageuza skrini ili waone. "Tazama mwenyewe. Zimepangwa tayari, wewe unachagua. Ni kama trei ya vitumbua. Huwezi kuja na cha kwako kutoka nyumbani ukakichomeka katikati."

"Basi iandike pembeni."

"Mtambo hauna pembeni, bwana."

Cuthbert akatoa simu, akampigia babu, akaweka sauti ya nje. Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Babu aliposikia kwamba kompyuta imekataa, akasema, "Mpe simu mwenye kompyuta." Masoudi akasogea, akaamkia kwa adabu zote. Babu akamwuliza hiyo kompyuta ni ya wapi. Masoudi akasema alinunua Songea. "Basi inaelewa Kiswahili," babu akasema. "Iambie wazee wameshakaa." Nyuma ya foleni mwanafunzi mmoja akacheka mpaka akatoka nje.

Simu ilipokatika, Masoudi alimgeukia Scholastica. "Na wewe, mwanangu? Mwenye masomo ni wewe. Unataka ipi?"

"Yoyote," Scholastica akajibu. Mazoea ni kitu kibaya.

"Yoyote nayo haipo kwenye orodha."

Alisema kwa mzaha tu, kisha akangoja. Hakuna aliyewahi kumngojea Scholastica. Kwa kawaida, akishasema ndiyo, watu huwa wameshaondoka na ndoo zao. Masoudi alikaa na kidole juu ya kibodi kama ana siku nzima, na foleni nayo ikangoja, na katika kile kimya Scholastica akasikia sauti yake mwenyewe, ndogo lakini kamili: "CBG."

Cuthbert akamtazama kana kwamba pikipiki imesema neno. "Humo ndani Fizikia imo?"

"Haimo, baba mdogo."

"Diviniti, au Kilimo?"

"Haimo."

"Kwa hiyo nyumba zote tatu tumetolewa." Alikaa kwenye benchi. Hakukasirika, aliumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimeshawaambia wenzangu Ngaka. Nimewaambia Fizikia ya mtoto ni yangu."

"Niipeleke?" Masoudi akauliza. "Dirisha linafungwa kesho."

"Bila neno la mzee usipeleke kitu," Cuthbert akasema. "Mtoto akienda shule kwa ugomvi, godoro litamlaza nani?"

Alikuwa anasema kweli. Wakatoka bila kubonyeza kitu.

Walipita sokoni kununua sukari, na nani wanamkuta amekaa nyuma ya mlima wa usipa? Shangazi Ottilia, amepanda kutoka ziwani na mzigo wake. Cuthbert alimweleza dada yake mambo yote akiwa amesimama, mikono inapaa. Ottilia alisikiliza, akamfungia mteja kopo lake, akamuuliza mpwa wake, "Wewe ulipotajiwa Diviniti ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo, shangazi."

"Nilijua." Akaanza kufunga gunia. "Niliouza leo wanatosha. Twende huko huko."

Jioni, jua likiwa bado juu ya migongo ya mashamba, babu aliitisha sengu ya pili katika juma moja, jambo ambalo halijatokea tangu alipofariki bibi. Watu wakala. Mboga ilikuwa usipa. Ottilia alichota tu na kuwaongezea kaka zake kila walipomaliza.

Babu akanawa mikono. "Nimeambiwa kompyuta imekataa. Imekataa ipi? Kama ni moja, mwenye nayo achague nyingine."

"Imekataa zote kwa pamoja, baba," Cuthbert akasema. "Kila moja peke yake inaikubali. Zikikaa pamoja haizitaki."

"Kama wanangu," babu akasema, na kutoka upande wa jikoni kikasikika kicheko ambacho hakuna aliyekubali kuwa ni chake. "Basi ibaki Fizikia, na hizo mbili zitaongezwa hukohuko shuleni. Placidi utakwenda kuongea na mkuu wa shule. Scholastica, ni sawa?"

Scholastica alikuwa mlangoni tena, na bakuli lilelile. Alimtazama shangazi yake. Ottilia alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake, makusudi kabisa. Hakuja kumsemea mtu.

"Hapana, babu," Scholastica akasema.

Mama yake akaacha kusugua sufuria. Bernadi akainua uso. Babu akageuza sikio lake zuri.

"Umesema?"

"Nimesema hapana, babu. Samahani." Akaweka bakuli chini. "Nataka kusoma kwa nini usipa wanaharibika. Inasomwa chuo kikuu. Njia ya kufika kule ni Kemia, Biolojia na Jiografia. Nikienda na Fizikia peke yake, chuo hawatanipokea kwa hilo ninalolitaka."

"Na nyumba hizi?" babu akauliza, si kwa ukali. "Nitaziambia zitoe kisha zibaki mikono mitupu?"

Hapo ndipo Scholastica alipotoa wazo alilokuwa amelifikiria njia nzima nyuma ya pikipiki. Alijua hawakumnyima kitu hawa wazee. Walitaka tu kuwa na mahali humo ndani, na yeye mahali alikuwa napo.

"Baba mdogo," akasema, "makaa ya mawe unayobeba kwa nini yanapatikana chini ya ardhi pale Ngaka na siyo hapa Ukata? Hiyo iko kwenye Jiografia. Miamba, migodi, barabara, vyote. Jiografia iwe yako."

Cuthbert akafikiri. "Wale wa kofia nyeupe wanaisoma?"

"Wapo wanaoisoma."

"Na barabara imo?"

"Imo."

"Basi kwa barabara hizi ninazopita," Cuthbert akasema, "mimi nimeshaanza kuisoma kabla yako."

"Baba, Biolojia ni yako. Ule ugonjwa wa chulebuni unaokula kahawa yako umo humo, na viwavi wa mahindi." Bernadi akatikisa kichwa kukubali, mara moja, na kwa Bernadi hiyo ni hotuba.

"Kemia ya nani?" babu akauliza.

Placidi akajisogeza mbele, lakini sauti ikatokea upande wa jikoni.

"Kemia yangu," akasema Ottilia.

"Wewe uliolewa ziwani. Si nyumba ya hapa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lakini si nyumba ya hapa."

"Sawa. Naomba kuuliza tu. Mtoto huyu miaka yote ya sekondari alilala nyumba gani? Na chakula mlichomaliza sasa hivi kimetoka chungu cha nani? Kama mimi si nyumba, mnirudishie usipa wangu." Akatandaza khanga mbele yake, tayari kupokea.

Cuthbert alijishika tumbo. Babu Alphonce alitazama sahani yake, ambayo ilikuwa nyeupe kabisa, akatoa mfupa mdogo kwenye jino, akauangalia kwa muda mrefu. "Kemia ni yako," akasema mwishoni.

Akabaki Placidi. Uso wake ulikuwa umeanza kurefuka. "Kwa hiyo godoro na tranka vyangu vinakwenda kusomea masomo ya watu wengine."

"Hapana, baba mkubwa," Scholastica akasema haraka. "Kuna somo lingine nje ya tahasusi. Historia ya Tanzania na Maadili."

"Nje ya tahasusi," Placidi akarudia. "Yaani la nyongeza. La kujazia gunia."

"Siyo la kujazia. Ni la lazima. Hakuna anayeruhusiwa kulikwepa."

"Hata wale wa Fizikia?"

"Hata wa Fizikia."

"Hata watoto wa wakubwa kule Dodoma?"

"Wote, baba mkubwa. Maadili wanasoma wote."

Placidi alijinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Nimekuwa nikilisema hilo kanisani kwa miaka," akasema, na uso ukarudi mahali pake.

Kesho yake asubuhi babu Alphonce mwenyewe alikwenda Mbinga, amevaa koti lake la harusi za watu, maana alisema hawezi kuiachia kompyuta neno la mwisho. Masoudi alimpa kiti. Alimwonyesha CBG ilivyoandikwa, akamsomea masomo moja moja, na babu baada ya kila somo akataja nyumba: "Ottilia. Bernadi. Cuthbert." Kisha akaomba aonyeshwe pa kubonyeza. Alibonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu na kwa muda, kama anayeweka sahihi benki, mpaka Masoudi akamwambia kwa upole, "Imeshaingia, mzee. Unaweza kuiachia."

Akamgeukia Scholastica. "Ni sawa?"

"Ndiyo, babu," Scholastica akasema, na safari hii alikuwa anamaanisha.

Sasa hivi yuko kidato cha sita, anakaribia kumaliza. Kila likizo ripoti yake inasomwa kwenye sengu, watu wakishashiba, na kila somo linaitwa kwa nyumba yake. Cuthbert amekuwa na majivuno yasiyovumilika tangu Jiografia ilipopata A. Ameanza kuwauliza watu anaowapa lifti kwenye lori maswali ya miamba. Placidi haachi kukumbusha kwamba somo lake halijawahi kumwangusha mtoto. Muhula mmoja Kemia ilishuka mpaka D, na Ottilia, ambaye siku hizi hukaa na wazee bila kuitwa, aliomba muda wa kujitetea. Akasema mwalimu alihama katikati ya muhula, akasema atarekebisha, na mtoto alirudi shule na kifurushi cha usipa kikubwa kuliko cha nyumba zote. Muhula uliofuata Kemia ilipanda. Ottilia alisema ni usipa. Scholastica alisema ni kukesha. Hawajakubaliana.

Na kukataa amejifunza kidogo. Anakataa pale inapobidi, kisha anaomba samahani, kisha anabeba ndoo hata hivyo.

Likizo iliyopita alieleza mbele ya wazee kwamba akifaulu ataomba chuo kikuu, Morogoro, sayansi ya chakula. Babu Alphonce alisikiliza mpaka mwisho, akahesabu kwa vidole kofia ikiwa gotini.

"Huko chuoni," akauliza, "mwaka wa kwanza ni masomo mangapi?"

"Mengi, babu. Yanazidi nyumba zetu."

Babu akamgeukia Vitalia upande wa jikoni.

"Mama Scholastica," akasema, "wapigie simu kaka zako. Jumapili ijayo tunawahitaji wajomba."